YAH: MALALAMIKO KUHUSU FULANA 120 ZA TOLEO LA MSANII

Ndugu Meneja,

Salamu. Masharti ya kazi ya kutuchapia fulana hizi mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayarudia. Naanza na fulana namba 17 kati ya 120.

Msimamizi wenu alipoonyeshwa kasoro, aliichukua fulana hiyo, yenye lebo iliyotiwa sahihi na msanii kwa mkono, akaifutia wino uliobaki kwenye raba ya kuchapia. Kisha akasema: "Hii ni fulana tu, siyo picha ya ukutani."

Kasoro zenyewe ni hizi. Mchoro una rangi 5 juu ya tabaka la wino mweupe, kwenye pamba nyeusi ya gramu 200 kwa mita ya mraba. Mchapaji makini hulipunguza tabaka jeupe kidogo tu pande zote, rangi za juu zipate kulifunika. Ninyi mmeliacha na ukubwa uleule, halafu fremu za kuchapia zikacheza. Sasa kila mstari una ukingo mweupe unaochungulia kushoto. Kwenye mchoro wa mistari minene ningenyamaza, lakini hii ni mistari ya milimita moja, na ukingo huo unasomeka kama mstari wa pili ambao msanii hakuuchora.

Wino nao haujaiva. Plastisoli, yaani wino wa plastiki mliotumia, huiva pale unene wake wote unapofikia nyuzi joto 160 hivi. Mkanda wa tanuri ukienda mbio, juu hukauka na chini hubaki kubichi. Vuteni kitambaa kwa mikono miwili mtaona: wino unapasuka. Tulizofua mara moja zimeanza kubanduka. Kipimo hicho cha kuvuta ni cha sekunde chache, na hakuna aliyekifanya kabla ya kufunga mzigo.

Sampuli tuliyoisaini ilikuwa na mchoro unaoanzia bega la kushoto na kushuka hadi mshono wa ubavuni. Mzigo mzima umechapwa katikati ya kifua. Mchoro ule ulitungwa ili ujipinde pamoja na mwili wa anayetembea. Msanii wa Marekani Keith Haring alipofungua duka lake la Pop Shop huko New York mwaka 1986, fulana zilikuwa njia yake ya kuwafikishia kazi zake watu wa kawaida. Ukuta wa kazi hizi ni mtu aliyezivaa, ndiyo maana kauli ya msimamizi wenu haivumiliki.

Nairudia namba 17. Matambara yalikuwepo, rundo zima, karibu na mkono wake. Aliyaacha. Aliipindua fulana upande safi ukae juu, akafuta raba mara mbili, akaitupa kwenye ndoo ya taka mbele ya wateja, sahihi ya msanii ikionekana. Hakuna aliyeomba radhi, wala siku hiyo wala baadaye.

Na hili lilipaswa kutangulia: kabla hatujapokea mzigo, fulana 9 zenye mchoro wetu, zisizo na namba, zilikuwa zimetundikwa dirishani kwenu. Kuchapa za majaribio ni kawaida ya kazi. Lakini toleo la 120 ni la 120. Za majaribio huharibiwa au hukabidhiwa kwa msanii, la sivyo namba zilizo kwenye lebo zinakuwa uongo kwa kila mnunuzi.

Tulipokuja mara ya kwanza tuliomba mchape upya, basi. Sasa tunataka fedha zote za uchapaji, gharama ya fulana na lebo tulizoleta, pamoja na barua ya kuomba radhi kwa msanii, ndani ya siku 14. Filamu za mchoro mturudishie, na fremu zifutwe mbele yetu. Zile 9 siwapi siku 14. Ni saa 48. Zikionekana dirishani au mwilini mwa mtu baada ya hapo, mwanasheria wetu atafungua madai ya hakimiliki bila kuwaandikia tena.

Namba 17 irudishwe jinsi ilivyo. Msiifue.

Wenu,
Msimamizi wa toleo, kwa niaba ya msanii