Picha nusu nyeusi si kosa la filamu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatetee vijana wa hapa Bukavu ambao wamezitoa kabatini kamera za filamu za baba zao, wakapiga harusi na ubatizo, kisha wakazirudisha kabatini kwa kuamini kwamba filamu ilikuwa imeharibika au kwamba aliyeisafisha hakujua kazi. Nimeishi kwa kazi ya picha miaka mingi, na ninasema kwa hakika kwamba mara nyingi kosa liko kwenye flashi na kwenye kidole.

Mwezi uliopita binti mmoja kutoka Kadutu aliniletea negativu za harusi ya dada yake. Katika kila picha iliyopigwa ukumbini upande mmoja ulikuwa na sura za watu, na upande wa pili, uliokatwa kwa mstari ulionyooka kama wa rula, ulikuwa mtupu na angavu kama kioo, yaani ungetoka mweusi kwenye karatasi. Alikuwa ameweka kasi ya 1/250, yaani filamu ipate mwanga kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde, kwa sababu aliyemuuzia flashi alimwambia kwamba kasi kubwa huondoa mtikisiko. Nilihuzunika sana, kwa maana harusi hairudiwi. Shata ya kamera yake, yaani mlango wa kupitisha mwanga, ni mapazia mawili ya kitambaa yanayofuatana mbele ya filamu, na kasi ikizidi ile yenye alama ya X, yaani kasi ya juu kabisa inayofaa flashi, ambayo kwake ni 1/60, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, hivyo mwali wa flashi, ambao ni mfupi mno, hukuta sehemu ya filamu imefunikwa. Kamera zenye shata ndani ya lenzi hazina tabu hiyo. Kwa zile zenye matundu mawili ya waya wa flashi, X na M, flashi ya elektroniki ichomekwe kwenye X, kwa kuwa M iliwekwa kwa ajili ya balbu za zamani zilizochelewa kushika moto.

Hesabu ya flashi sahili si ngumu. Ikiwa namba yake ya mwongozo, yaani kipimo cha nguvu yake, ni 24 kwa filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), igawe kwa mita zilizopo kati ya flashi na watu: kwa mita 3 utapata 8, na hiyo ndiyo f/8, kipimo cha tundu la mwanga, ya kuweka kwenye lenzi.

Kuhusu kidole, jioni Ziwa Kivu linapobakiwa na mwanga kidogo kasi hushuka hadi 1/4, na hata kamera iliyo juu ya miguu mitatu hutikisika ukibonyeza kwa mkono. Waya wa kufyatulia, unaofungwa kwa skrubu katikati ya kitufe cha kamera nyingi za zamani, humaliza shida hiyo; na ule wa mpira wa hewa, wenye bomba la mita kadhaa, humwezesha mpiga picha naye kusimama kati ya ndugu zake.

Nawaomba wauzaji na wazee wa studio wasimkabidhi kijana flashi kabla ya kumfungulia mgongo wa kamera isiyo na filamu, iliyochomekwa flashi, wakaielekeza ukutani, naye akatazama kwa nyuma huku akifyatua. Binti yule alifanya hivyo mezani kwangu. Kwa 1/250 aliona mwanga upande mmoja tu wa dirisha la filamu ndani ya kamera. Kwa 1/60 akaliona lote limejaa nuru, akarudia mara tatu, kisha akaniomba nimwazime waya wangu wa kufyatulia kwa ajili ya ubatizo wa Jumapili.

Mpiga picha,
Ibanda, Bukavu