Aliomba radhi za wazazi mbele ya kamera

Pittsburgh

Swahiba yangu Mbwana,

Salamu nyingi sana. Natumaini hujambo wewe, mama hajambo, na wanafunzi wako wazima. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku sijaizoea.

Uliniuliza kama nimewahi kutazama besiboli, maana vijana wako walipelekwa kwenye uwanja ule wa Azania uliojengwa kwa msaada wa Japani, na tangu siku hiyo hawana jambo jingine la kuongea. Nimetazama. Lakini leo nataka nikueleze habari za mtu mmoja. Nikienda kazini navuka daraja la njano juu ya mto Allegheny, na daraja lile limepewa jina lake: Roberto Clemente.

Nilipoanza kusoma habari zake nilikukumbuka wewe. Alizaliwa mwaka 1934 huko Carolina, Puerto Rico, kitinda mimba wa watoto saba, baba yake akiwa mnyapara katika mashamba ya miwa. Shuleni alikuwa mrusha mkuki! Wewe unajua mkuki unavyoujenga mkono wa mtu. Bado nakuona siku zile za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ukiushika juu ya bega, uwanja mzima kimya.

Waambie vijana hivi: wachezaji watatu husimama mbali kabisa, nyuma ya wenzao, kudaka mipira mirefu. Anayesimama kulia ndiye anayehitaji mkono wenye nguvu kuliko wote, kwa sababu mkimbiaji akielekea besi ya tatu, mpira hauna budi kukata uwanja mzima na kufika kabla yake. Hapo ndipo alipokuwa Clemente. Aliuokota mpira chini ya ukuta, akageuka akiwa bado hewani, akautupa. Alipata Glovu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, miaka 12 mfululizo, kuanzia 1961 hadi 1972. Na akishika gongo pia alikuwa moto: mara 4 aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga. Misimu yake yote 18 katika ligi kuu aliichezea timu ya Pirates ya hapa, iliyomchukua kwa dola 4,000 tu kutoka kwa timu ya Dodgers, waliokuwa wamemficha kwenye timu yao ndogo ya Montreal.

Lakini Mbwana, kilichonigusa zaidi ni jina. Watangazaji na kadi za wachezaji walimwita “Bob”. Yeye akasema miaka yote: mimi ni Roberto. Waandishi wa magazeti waliandika Kiingereza chake kama alivyokitamka, kwa lafudhi yake, ili msomaji amwone mjinga. Kule Florida, wakati wa mazoezi, wachezaji Weusi walibaki ndani ya basi huku wenzao Wazungu wakila hotelini, naye hakulinyamazia jambo hilo. Hata namba yake ya jezi, 21, ni hesabu ya herufi za jina lake lote, Roberto Clemente Walker, la baba na la mama.

Unajua kazini msimamizi wangu ananiita Mike tangu siku ya kwanza, eti jina langu refu. Miaka miwili nimeitika. Juzi nilimwambia jina langu ni Mwinyihaji. Amejaribu, na anaendelea kujaribu, nami namsubiri.

Sasa sikia hili. Mwaka 1971 Pirates waliwafunga Baltimore Orioles katika fainali ya michezo saba. Clemente alikuwa na umri wa miaka 37. Alipiga katika kila mchezo, kwa wastani wa .414, yaani karibu mipigo minne katika kila majaribio kumi, akatajwa mchezaji bora wa fainali. Runinga ikamfuata, Marekani nzima ikitazama. Kabla ya kujibu lolote kwa Kiingereza, aliomba aseme neno kwa Kihispania: akawabariki watoto wake, kisha akawaomba baba na mama yake wampe baraka zao. Aliomba radhi za wazazi, Mbwana, kwa lugha ya kwao, mbele ya watu wote wale! Niliitazama picha hiyo mara tatu, kisha nikampigia mama Tanga. Huko ilikuwa usiku wa manane, akadhani nimepata msiba.

Septemba 30, 1972 alifikisha mpigo wake wa 3,000. Haukuongezeka hata mmoja katika hesabu ya ligi. Desemba tetemeko liliibomoa Managua, mji mkuu wa Nicaragua. Alikusanya vyakula na dawa, na aliposikia misaada ya mwanzo inaporwa, akaamua kuisindikiza mwenyewe. Usiku wa Desemba 31 ndege ile, iliyopakiwa kupita kiasi, ilianguka baharini karibu na San Juan. Mwili wake haukuonekana. Mwenzake Manny Sanguillén hakwenda kwenye ibada ya kumkumbuka. Alikuwa majini na wapiga mbizi, akimtafuta.

Kanuni ya Jumba la Heshima la besiboli ilikuwa kungoja miaka mitano baada ya mchezaji kuacha kucheza. Kwake waliiweka kando, na mwaka 1973 akaingizwa, wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini.

Nitakutumia picha ya daraja theluji ikipungua. Mama nifikishie shikamoo yangu, na umwambie naomba dua zake.

Wako,
Mwinyihaji