Risala ya Wamisionari Waliorejea kwa Mgeni Rasmi, Katika Hafla ya Kuwaandaa Vijana Wanaokwenda Misheni Nje ya Nchi

Ndugu Mgeni Rasmi, Rais wetu wa Kigingi, unayeongoza kata na matawi, yaani makusanyiko yetu ya waumini. Waheshimiwa maaskofu na marais wa matawi. Wazazi wetu wapendwa. Vijana mlioitwa na ninyi mnaosubiri wito. Mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutusikiliza. Sisi ni ndugu na dada tuliotumikia misheni za Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho ugenini, na jukumu tulilopewa ni kuwaandaa hawa wadogo zetu. Risala hii haitasimulia miujiza. Ushuhuda kila mmoja wetu anautoa mahali pake. Tunaomba kuzungumzia siku ya kawaida, maana mmisionari hukua au hudumaa kutokana na namna anavyoiishi siku hiyo, na wengi wa vijana wetu huondoka bila kuijua.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuanze na makaratasi, kwa kuwa hapo ndipo safari nyingi huchelewa. Tangu Oktoba 2012 kijana wa kiume ameruhusiwa kutumikia akiwa na miaka 18, hivyo wengi hujaza fomu ya kuomba misheni mara tu wanapomaliza shule, kabla hata hawajawahi kushika pasipoti. Utumishi wake ni miezi 24, na wa dada ni miezi 18. Nchi nyingi hutaka pasipoti ibakize angalau miezi sita baada ya mgeni kuondoka, kwa hiyo kijana huyu anahitaji pasipoti yenye uhai wa miezi 30 au zaidi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe walau siku 10 kabla ya safari, la sivyo cheti chake hakitatambulika mpakani. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ina dozi tatu: ya pili hufuata baada ya mwezi mmoja, na ya tatu katika mwezi wa sita tangu ya kwanza. Anayeianza akiwa amebakiza wiki chache ataondoka na kinga isiyokamilika. Meno nayo yatibiwe mapema, kwani jino linalosumbua kidogo leo litaharibu wiki nzima ya kazi mahali ambapo hujui hata daktari anapatikana wapi.

Viatu tunavisisitiza kuliko nguo. Pea mbili imara, zilizovaliwa wiki tatu au nne kabla ya safari ili ngozi ilegee, na zipokezane siku kwa siku, kwa sababu kiatu cha ngozi kilicholowa jasho kinahitaji siku nzima kukauka. Anayevaa pea moja kila siku hupata malengelenge, kisha fangasi, kisha anabaki ndani huku mwenza wake, yaani mmisionari aliyepangwa naye, akikwama pia, maana mmisionari hatoki peke yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, ratiba ya kawaida humwamsha mmisionari saa 12:30 asubuhi na kuzima taa saa 4:30 usiku, ingawa rais wa misheni, kiongozi wa wamisionari wa eneo hilo, anaweza kuirekebisha kulingana na mazingira ya nchi. Asubuhi kuna mazoezi ya nusu saa, kifungua kinywa, kujifunza maandiko peke yako, kujifunza pamoja na mwenza, na kwa walio ugenini, kujifunza lugha. Saa hizo ndizo mtaji wa siku yote. Zinapopotea, mara nyingi kosa lilifanyika usiku uliopita: wenza wamerudi wamechoka, wakaahirisha kupanga kesho, wakapanga wakiwa kitandani, wakalala saa sita usiku. Dawa yake ni kupanga mara tu mnaporudi, kabla ya kuvua viatu.

Mpango wenyewe uwe na njia mbili kwa kila saa: miadi, na mahali pa kwenda miadi ikivunjika. Watu huvunja miadi sana, na si kwa ubaya. Mtoto ameugua, mgeni ameingia, au wameona haya kusema hapana. Wenza wasio na njia ya pili hurudi nyumbani "kupumzika kidogo", na mchana unaishia hapo. Pia miadi ipangwe kwa eneo, upande mmoja wa mji kwa siku moja, ili saa zisiishie barabarani. Kila usiku iandikwe kumbukumbu: nani mmemtembelea, mmefundisha nini, ameahidi nini, mtarudi lini. Uhamisho wa eneo au mwenza huja takriban kila baada ya wiki sita, na pasipo kumbukumbu mmisionari mpya hurudia fundisho lilelile kwa familia ileile hadi ichoke. Kumbukumbu hizo ni siri za watu, zisisomwe mbele ya wengine.

Kuhusu lugha tungependa kukaa kidogo. Anayejifunza lugha mpya hukaa kituo cha mafunzo ya wamisionari wiki sita hivi, au zaidi lugha ikiwa ngumu, ilhali asiyejifunza lugha hukaa wiki mbili hivi. Wiki sita hazimfanyi mtu msemaji. Zinampa sala, utambulisho, ushuhuda mfupi na ujasiri wa kukosea. Utaratibu tunaouamini ni huu: anza na sentensi za sala, kwa kuwa utazitumia mara nyingi kila siku, kisha maswali mafupi pamoja na majibu yanayotarajiwa, kisha maneno 10 mapya kwa siku katika kijidaftari cha mfukoni. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba kumbukumbu hupotea kwa kasi katika saa na siku za mwanzo, hivyo neno la leo lirudiwe kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Sarufi isomwe kwa kufuata makosa uliyofanya jana, kwani kosa lenye aibu halisahauliki.

Kinachoharibu zaidi ni wenza wawili wa lugha moja kuizungumza nyumbani. Mlango ukishafungwa tu, lugha ya wenyeji inakoma, na miezi sita baadaye wanashangaa kwa nini mwenzao aliyepangwa na mwenyeji amewapita. Lingine ni kukata tamaa kwenye mwezi wa tatu au wa nne. Sikio hutangulia ulimi: mmisionari anaanza kuelewa mengi asiyoweza kuyajibu, basi anadhani amerudi nyuma kumbe anasonga mbele. Amwombe mwenyeji amsahihishe kosa moja tu kila anapomtembelea. Makosa kumi kwa mara moja humfunga mtu mdomo.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwenza ni sehemu ngumu na yenye baraka kuliko zote. Ni mtu usiyemchagua, pengine wa nchi nyingine, unayekaa naye saa zote. Ugomvi hauletwi na mafundisho. Unaletwa na vyombo visivyooshwa, kukoroma, kengele ya simu inayolia mara tatu, mmoja kutembea haraka na mwingine polepole. Ndiyo maana wenza huketi kila wiki, wanapomaliza kupanga, kuulizana hali. Kikao hicho kifunguliwe kwa sala, kila mmoja ataje jema moja aliloliona kwa mwenzake, kisha jambo moja tu la kurekebisha, na atamke tendo, si tabia: "vyombo vilibaki tangu jana" badala ya "wewe ni mvivu". Wengi hukiruka wakiogopa kuumizana, wakanyamaza wakisubiri uhamisho. Uhamisho unakuja, na ugomvi uleule unawasubiri kwa mwenza mpya, kwa sababu hawakujifunza kusema.

Fedha za matumizi huisha mapema kwa sababu rahisi: mtu anazigawa mafungu manne, na mwezi una siku mbili tatu zaidi ya wiki nne. Afanye mafungu matano, la tano liwe dogo na liguswe siku za mwisho tu. Siku ya maandalizi, moja kila wiki, ni ya kufua, kununua mahitaji, kusafisha nyumba na kuwasiliana na familia. Mashati meupe yafuliwe peke yake, kola zisuguliwe sabuni kabla ya kulowekwa. Vikombe na ndoo vitaoshwa wakati huohuo.

Hadi mwanzoni mwa 2019 wamisionari walipiga simu nyumbani mara chache tu kwa mwaka. Tangu Februari mwaka huo wameruhusiwa kila wiki, na sisi tunaona ni neema. Lakini wazazi, tunawasihi: chagueni saa moja inayofaa pande zote mbili na mkae nayo, na habari za msiba au ugonjwa zipitie kwanza kwa viongozi, ili kijana asizipokee akiwa barabarani. Upweke hukaza jioni ya siku ya maandalizi, baada ya simu kukatwa, na katika wiki za mwanzo. Kazi na usingizi huutuliza. Usingizi ukipotea kwa wiki mbili, chakula kikikosa ladha, machozi yakija bila sababu, huo si udhaifu wa imani, na rais wa misheni aambiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa anaweza kumkutanisha kijana na mtaalamu. Wanaorudi kabla ya muda kwa ajili ya afya wametumikia, na wanastahili kupokewa kwa mikono miwili.

Je, ukuaji unaonekanaje? Sikilizeni sala za mmisionari. Miezi ya kwanza anaomba asaidiwe yeye: lugha, mwenza, uchovu. Baadaye sala zinajaa majina ya watu, na huyo anayeziomba hutambui kama ni yule uliyemsindikiza.

Ndugu Mgeni Rasmi, kurudi nako kuna ugumu wake. Mmisionari anapoivua ile beji ya jina, anapoteza ratiba, mwenza na lengo kwa siku moja. Wengi hulala hadi mchana, kisha huacha kujifunza, kisha huona haya kuja kanisani. Anayeshikilia saa yake ya kuamka na saa moja ya maandiko kwa miezi mitatu ya kwanza huvuka salama.

Kwa hayo tunaleta maombi matatu. Kwanza, kila anayesubiri wito awe na miezi sita ya maandalizi ya vitendo: kupika, kufua, kupanga fedha, na kutoka na wamisionari walioko hapa. Pili, pawe na ndugu mmoja na dada mmoja katika kila kata wa kufuatilia pasipoti na chanjo tangu siku fomu inapofunguliwa. Tatu, kila anayerejea apewe wito, yaani jukumu la kanisani, katika kata yake ndani ya wiki mbili, na mtu wa kumsaidia kutafuta masomo au kazi. Sisi tuko tayari kufundisha na kufuatilia. Tunachohitaji ni kibali chako na chumba kimoja jioni moja kila wiki.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.