Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: fuvu la 1959 siyo la Homo habilis

Ndugu Afisa Elimu wa wilaya yetu,

YAH: JIBU LA MWANANGU KWENYE MOKO

Nakusalimu kwa heshima. Ningependa haya tuyazungumze ofisini, lakini nimeshakuja mara nne na mara zote nimeambiwa uko kikaoni. Mimi ni dereva wa bajaji. Siku nne nilizokaa kwenye benchi lako ni siku nne ambazo sikufikisha hesabu ya tajiri, na deni hilo bado nalilipa.

Kwenye moko ya kwanza ya darasa la saba, swali liliuliza jina la kisayansi la fuvu la kale lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959. Binti yangu akaandika Zinjanthropus boisei. Akakosa. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, ameandikiwa "Homo habilis", na mwalimu wake ameniambia ndivyo mwongozo wa kusahihishia uliotoka kwenu unavyosema.

Ndugu Afisa, fuvu lile aliliona Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, na mumewe Louis akalipa jina la Zinjanthropus boisei mwaka huo huo. Taya lililobeba jina la Homo habilis lilipatikana 1960, na jina lenyewe likatangazwa 1964. Wataalamu wengi siku hizi wanamwita Zinj kwa jina la Paranthropus boisei, na kama mwongozo ungesema hivyo nisingekuwa na neno. Lakini habilis ni kiumbe mwingine: ubongo wake ni mkubwa zaidi na meno yake ya nyuma ni madogo zaidi.

Mwanangu hakukariri. Mwaka jana, Jumapili moja, tulipanda daladala mpaka Posta, tukatembea hadi Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Magego yale ni mapana kushinda ukucha wa dole gumba langu, na juu ya utosi kuna tuta la mfupa ambako misuli ya kutafunia ilishika. Nilimwona anapapasa utosi wake mwenyewe kutafuta kama naye analo. Tulipojua kwamba "Zinj" inatokana na jina ambalo Waarabu wa zamani waliliita pwani yetu hii, jina lile lile lililomo ndani ya Zanzibar, na kwamba "boisei" ni kwa heshima ya Charles Boise aliyetoa fedha za uchimbaji, akaniambia: "Baba, kumbe ana jina la huku kwetu." Kesho yake akaliandika kwenye jalada la daftari lake, herufi zote, pamoja na ile "n" ya katikati ambayo watu wazima wengi huiruka.

Karani wako aliniambia, "Mzee, hao wote si watu wa kale tu?" Sijui angejibiwa hivyo yeye kwenye cheti chake.

Nadhani kosa lilianzia kwenye noti za zamani, au mwongozo ulichapwa steshenari usiku kwa haraka. Labda pia kuna aliyechanganya kwa sababu mwanzoni Leakey alidhani Zinj ndiye aliyetengeneza zana za mawe, baadaye sifa hiyo akapewa habilis. Kukosea kupo. Lakini mwezi wa pili, kwenye kikao cha wazazi, ulisimama mwenyewe ukasema mtoto yeyote akionewa kwenye mtihani mlango wako uko wazi. Tulikupigia makofi. Mimi nilipiga.

Kilichonifanya niandike ni moko ya pili. Swali limerudi vile vile. Jioni nikamuuliza ameandika nini.

"Homo habilis."

"Si unajua siyo?"

"Najua, baba. Ila ndiyo wanayotaka."

Alikuwa anasugua sufuria, hakuinua macho. Jana karatasi imerudi, amewekewa vema. Alama hiyo siitaki, na yeye hakuifurahia. Ameitupia karatasi chini ya kitanda.

Ndugu yangu, naomba mwongozo usahihishwe. Naomba watoto wote walioandika jibu sahihi kwenye moko ya kwanza warudishiwe alama zao. Na kama alama haziwezekani tena, basi ziacheni. Naomba waraka wa mstari mmoja tu uende shuleni kabla ya mtihani wa taifa: fuvu la Olduvai la mwaka 1959 ni Zinjanthropus boisei. Mstari mmoja. Ausome mwalimu mbele ya darasa, binti yangu akiwamo.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye benchi lile lile nje ya mlango wako. Karatasi zote mbili nitakuja nazo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Dar es Salaam