Bundi wa Sokoke asiitwe kwa spika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniuma kila msimu wa wageni hapa Gede. Kazi yangu ni kuongoza watazamaji ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na ndege wanayemuulizia kabla hata hawajashuka garini ni bundi wa Sokoke.

Ni bundi mdogo mno, urefu wake kama sentimita 16. Wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 1966, na anajulikana kuishi sehemu chache tu duniani, zikiwemo hapa kwetu na misitu iliyo chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hulala amejibana tawini ndani ya kichaka kizito cha udongo mwekundu, mara nyingi dume na jike ubavu kwa ubavu. Sisi waongozaji ndio tunaolijua tawi lenyewe, na hapo ndipo penye mtihani.

Msimu uliopita mgeni mmoja alitaka video ya bundi akiita. Jua lilipozama alitoa spika ndogo mfukoni, akacheza sauti iliyorekodiwa. Dume akaja mbio. Akaruka tawi hadi tawi karibu dakika arobaini, akimtafuta mpinzani asiyekuwepo, huku flashi zikimmulika machoni. Ningeweza kukataa. Sikukataa, maana nilijua bakshishi yangu inategemea ile video. Kesho yake tawi lile lilikuwa tupu, na nilipita pale kwa majuma matatu bila kuwaona tena.

Kwa bundi, sauti ile ni habari kwamba kuna mvamizi katika eneo lake. Huacha kuwinda, humwacha jike, na hujianika mbele ya ndege wakubwa wanaoweza kumla. Mgeni mmoja akifanya hivyo mara moja, pengine bundi atasahau. Lakini wageni huja kundi baada ya kundi, na tunawapeleka wote kwa bundi walewale, kwa sababu ndio walio karibu na njia.

Sipingi kamera wala darubini hata kidogo. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba kamera zinazofungwa mtini na kupiga picha zenyewe, kule msitu wa Boni-Dodori, zimenasa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wasiyeweza kumlinganisha na aina yoyote inayojulikana. Naye kwera wa Kilifi, ndege mdogo anayefuma kiota chake, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyejua anakotagia, viota vyake vilionekana mwaka 2013 kwenye kinamasi huko Dakatcha, na walioviona ni watu waliorudi msituni tena na tena na darubini zao. Hata mgeni wa siku moja anaweza kusaidia: aandike kila ndege aliyemwona au kumsikia, apeleke orodha kwenye Kenya Bird Map, mradi unaochora ramani ya ndege wa Kenya. Orodha hiyo ina faida kwa msitu kuliko video ya bundi aliyechanganyikiwa.

Ombi langu ni kwa kampuni za utalii, na kwa Huduma ya Misitu Kenya (KFS) na Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) wanaosimamia msitu huu. Spika zipigwe marufuku kwa bundi wa Sokoke, na flashi pia. Wageni waombwe wasiweke lokesheni ya tawi mtandaoni. Zaidi ya yote, mwongozaji alipwe ujira kamili wa siku, bundi aonekane asionekane, na jambo hilo mgeni aambiwe mapema, tangu anapolipia safari. Tukiachwa tutegemee bakshishi ya picha, katazo lolote litavunjwa gizani, na watakaolivunja ni sisi wenye watoto wanaosubiri karo.

Karatasi ya makubaliano ikiandikwa, mimi niko tayari kutia saini wa kwanza.

Mwongoza watazamaji ndege,
Gede, Kaunti ya Kilifi