"Run" si kukimbia tu

Mhariri,

Nimefundisha Kiingereza hadi nikastaafu, na neno lililowasumbua wanafunzi wangu kuliko yote lina herufi tatu: "run". Kamusi ndogo za mfukoni aghalabu huandika "kimbia", basi. Lakini pua ikifanya hivyo inachuruzika kamasi, rangi ya nguo inachuja, injini inanguruma, mgombea anawania kiti, meneja anaendesha kampuni. Soksi ndefu za kike nazo (hapa darasa zima lilikuwa likicheka) hufumuka uzi. Wahariri wa Kamusi ya Oxford walihesabu maana 645 za kitenzi hicho, kikalipiku "set" lililoongoza katika toleo la 1989. Watunzi wa kamusi watupe sentensi za mfano, hata nne tu, badala ya tafsiri moja kavu.

Mwalimu mstaafu