Vita vya Msalaba havikuwa Simba na Yanga

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili zaidi ya miaka 20 na sikuwahi kuwaandikia. Makala yenu ya Jumapili kuhusu Vita vya Msalaba, ile yenye picha ya panga mbili zilizopishana, imenishinda kunyamazia. Mwandishi anasema Wakristo na Waislamu walipigana miaka 200 kugombea Yerusalemu, kisha ameweka jedwali la nani alishinda lini: 1099 hawa, yaani Wakristo, 1187 wale, yaani Waislamu. Miaka hiyo ni sahihi. Ubaya ni hilo jedwali.

Jumanne nilikwenda kunyolewa. Saluni yangu ni ya vijana wawili waliokodi fremu pamoja, mmoja Mkristo, mwenziwe Mwislamu, na mwezi wa Ramadhani yule Mkristo hubaki na wateja ili mwenzake awahi futari. Nikakuta gazeti lenu limewekwa juu ya meza, limefunguliwa kwenye jedwali lile, na wateja wameshagawanyika. "1099 tuliwachapa." "Na Hattin je, mlipopigwa 1187, mmesahau?" Tuliwachapa! Watu waliozaliwa Ngamiani na Makorora, mitaa ya hapa Tanga, juu ya vita vilivyokwisha 1291 ulipoanguka mji wa Akka, ngome kuu ya mwisho ya Wakristo kule. Nikajaribu kuwaeleza, mimi niliyefundisha historia sekondari miaka 31. Kijana mmoja akaugonga ukurasa kwa kidole: "Mwalimu, gazeti limesema." Wenye saluni walikuwa hawasemeshani. Nilinyolewa kimya mwanzo hadi mwisho, na nilitoka pale na donge kooni.

Hao "hawa" na "wale" mwandishi wenu amewatoa wapi? Papa Urbano II alihubiri vita hivi Clermont, Ufaransa, Novemba 1095. Mwaka uliofuata, kabla jeshi halijaiona Yerusalemu, makundi ya waliojivika msalaba yaliwachinja Wayahudi wa Worms na Mainz, Ujerumani, watu wasio na jeshi wala ugomvi na yeyote. Kwenye jedwali hawamo. Julai 1099 Yerusalemu ilipotekwa, waliouawa ndani ya kuta zake walikuwa Waislamu na Wayahudi pia. Mtawala wa Damasko, Mwislamu, aliwahi kuungana na mfalme Mkristo wa Yerusalemu kumzuia Zengi, mtawala wa Mosul, Mwislamu mwenzake. Halafu 1148 Wakristo hao hao wakaenda kuizingira Damasko, mji uliokuwa rafiki yao, wakashindwa. Na Aprili 1204? Jeshi la Msalaba, lililosafirishwa na meli za Venezia, Italia, liliivamia Konstantinopoli (Istanbul ya leo), mji mkubwa kuliko yote ya Wakristo, likapora siku tatu, hata makanisa, na farasi wanne wa shaba wakapelekwa kupamba kanisa la Mtakatifu Marko kule Venezia. Makala yenu haina hata sentensi moja juu ya 1204, na sababu naijua: mwaka huo ungewekwa safu ipi?

Lililoniuma kuliko yote ni kuachwa kwa tarehe 18 Februari 1229. Siku hiyo Kaisari Frederick II, aliyekuwa ameongoza jeshi la Msalaba, na Sultani al-Kamil wa Misri walikubaliana kwa mkataba wa Jaffa: Yerusalemu irudi kwa Wakristo, Msikiti wa al-Aqsa na Kuba la Mwamba vibaki kwa Waislamu, na silaha ziwekwe chini miaka 10. Mji uliomwagiwa damu yote ile ulibadilisha mikono bila vita. Hawakufanya hivyo kwa kupendana. Al-Kamil alikuwa na mvutano na mtoto wa ndugu yake juu ya Damasko, na Frederick alikuwa ametengwa na Papa. Kila mmoja alilaaniwa na watu wa dini yake. Lakini walikaa wakazungumza, na hilo vijana wa saluni wana haki ya kulijua kabla hawajafundishwa kuhesabu maiti.

Na shule zetu nazo zina lawama. Siku hizi mwanafunzi ananunua notisi za kutoa kopi, anakariri hoja sita, utangulizi na hitimisho, anafaulu, bila kujua jina la mji hata mmoja. Hata historia ya pwani yake haijui. Vasco da Gama alipofika 1498, Mombasa walizozana naye, Malindi wakampokea na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Miji yote miwili ilikuwa ya Waislamu, na ugomvi wao wenyewe kwa wenyewe ulikuwa na uzito kuliko ule msalaba uliochorwa kwenye matanga.

Naomba mambo mawili. Kwanza, jedwali lile lirudiwe, safu mbili zifutwe, na kila mwaka uandikwe jina la mji na watu gani walikufa humo. 1096 na 1204 ziwemo. Pili, kila tarehe 18 Februari mtoe nusu ukurasa kuhusu mkataba wa Jaffa, na uwe ukurasa ule wa mikeka ya kubeti, kwa kuwa ndio vijana wanaouanza.

Nitarudi kunyolewa baada ya wiki tatu. Tafadhali barua hii iwe imetoka kabla ya siku hiyo, maana pale saluni wanaamini kilichochapishwa.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga